"Shetani Alinipitia" na Dhana Nyingine Potofu Kuhusu Dhambi na Neema

Ukisikiliza jinsi Wakristo tunavyosimulia makosa yetu, utadhani hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukosa. Shetani alinipitia. Hasira zilinipanda. Ukoo wetu una laana. Mwenzangu ndiye aliyenichokoza. Kisha Jumapili tunasimama kuimba neema kwa sauti zote nne, na mgeni angekuwa na haki ya kuuliza: neema ya nini, ikiwa mkosaji hayupo?

Dhana zilizo hapa chini nazisikia mara kwa mara kwenye jumuiya, kwenye mikesha, hata misibani. Nimeziweka kando ya Maandiko na kando ya historia ya makanisa yetu wenyewe. Baadhi zinamalizwa kwa sentensi chache. Nyingine zimeota mizizi.

"Shetani alinipitia"

Biblia haikatai kwamba shetani yupo na kwamba anashawishi. Inachokataa ni kumtwika yeye mzigo wote. Utetezi huu ulianzia bustanini. Adamu anaulizwa swali, naye anamtaja mkewe, na hapohapo anamlaumu Mungu kwa kuzunguka: "Huyo mwanamke uliyenipa awe pamoja nami ndiye aliyenipa matunda ya mti huo, nikala." Hawa naye akamsukumia nyoka. Wote wawili walitolewa nje. Yakobo anaandika bila kupepesa macho kwamba kila mmoja "hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe huku akivutwa na kudanganywa."

Laana za ukoo nazo zina jibu la siku nyingi. Wayahudi waliokuwa uhamishoni Babeli walikuwa na msemo wao, kwamba wazazi walikula zabibu kali na watoto ndio waliopata ganzi la meno. Ezekieli sura ya 18 nzima ni Mungu akiwaambia waache msemo huo, kwa kuwa kila mtu atajibu kwa lake. Sisemi kwamba familia haziachiani majeraha. Mtoto wa mlevi anajua ninachozungumzia. Lakini chupa anayoifungua leo anaifungua kwa mkono wake.

Mfano unaonikera ni huu. Mwanamume anampiga mkewe, kisha anakwenda kwenye maombezi atolewe "roho ya hasira". Anaombewa, anaanguka, anainuka, watu wanapiga vigelegele. Anarudi nyumbani, na mwenye jicho lililovimba haambiwi hata "nilikupiga, nimekosa." Ajabu ni kwamba roho hiyo huwa haimpandi mbele ya bosi wake, wala mbele ya polisi.

"Mimi sijaua wala sijaiba"

Farisayo wa Luka 18 hakusema uongo. Kweli alifunga mara mbili kwa juma, kweli alitoa zaka. Kosa lake ni kwamba alijipima kwa kumtazama jirani, na ukijipima hivyo hutakosa mtu wa kukufanya uonekane mwema. Mtoza ushuru hakumtazama mtu. Alisema tu, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi," na Yesu akasema huyo ndiye aliyeshuka nyumbani kwake amehesabiwa haki.

Wakatoliki wana sala wanayoisali katika Misa huku wakijipiga kifua, nayo inafika mahali ambapo wengi wetu hatupachunguzi: nimekosa kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo "na kwa kutotimiza wajibu." Jambo ambalo hukulifanya nalo linahesabiwa. Mama wa maombi amefunga siku nyingi, amelala kanisani, sauti imekauka kwa kuombea taifa. Nyumbani, dada wa kazi hajalipwa mshahara wa miezi mitatu, na kila akiuliza anaambiwa avumilie, Mungu atafungua mlango. Hajaua, ni kweli. Ila Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unasema ujira uliozuiwa kwa hila unapiga kelele, na kelele hizo zimeshafika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Maombi ya mwenye nyumba na kelele za ujira vinafika mahali pamoja.

"Kama kuna niliyemkosea, anisamehe"

Sentensi hii tunaisikia kwenye kuagana, kabla ya Meza ya Bwana na kwenye mwisho wa mwaka. Inasikika kama unyenyekevu. Ukiitazama vizuri, haina kosa ndani yake, wala aliyekosewa. Anayeisema hajakubali jambo lolote.

Kizazi kilichotutangulia katika Afrika Mashariki hii hii kilifundishwa tofauti. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe mjini Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi alikutana na daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Gahini, mashariki mwa Rwanda. Church alikuwa amechoka mwili na roho baada ya njaa kubwa iliyoipiga sehemu ile ya nchi. Wakakaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba. Katika miaka ya 1930 uamsho ukashika Gahini, alikofanya kazi Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, hadi kifo chake mwaka 1936. Kutoka hapo ukasambaa Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Waganda waliwaita watu hao Balokole, yaani waliookoka, na wimbo wao wa Tukutendereza Yesu bado unaimbwa makanisani hadi leo.

Majirani walishangazwa na mambo ya mikononi kuliko nyimbo. Vitu vilivyoibwa vilirudishwa. Madeni yaliyokuwa yamesahauliwa na wenye kudai yalilipwa. Mwafrika alimwendea mmishonari na kumwambia, "Nimekuwa nikikuchukia". Na wapo wamishonari walioungama mbele ya Waafrika kiburi cha rangi yao, jambo ambalo katika ukoloni wa wakati ule halikuwa dogo. Waliita maisha hayo kutembea nuruni, wakichukua maneno ya 1 Yohana 1:7. Hawakupendwa na kila mtu. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa Chuo cha Bishop Tucker, Mukono, akiwemo William Nagenda, walifukuzwa katika mgogoro na uongozi wa chuo. Na kusema kweli, baadhi ya ndugu wa uamsho walikuwa na ukali wa kuhukumu wengine ambao haukuwa na neema ndani yake. Ila hawakuungama kwa "kama". Walitaja kitu, wakataja mtu, wakataja kiasi.

Zakayo, mkuu wa watoza ushuru katika Luka 19, alifanya vivyo hivyo: nusu ya mali kwa maskini, na kwa aliowanyang'anya, mara nne.

"Nikishajirekebisha, nitamrudia Mungu"

Hapa watu huichukua habari ya Zakayo na kuigeuza bei. Zakayo alirudisha mali baada ya Yesu kuingia nyumbani kwake. Kurudisha hakukuwa nauli ya kumleta. Yule mhalifu msalabani hakuwa na cha kurudisha, wala mikono ya kurudishia, na aliahidiwa peponi siku ileile. Paulo anasema Kristo alikufa kwa ajili yetu "tulipokuwa tungali wenye dhambi." Anayengoja atengemae kwanza anataka kufika akiwa na kitu mkononi, na ninashuku ni kiburi kilekile cha Farisayo, safari hii kimevaa nguo za huzuni.

Sadaka ya "mbegu" inayotolewa ili kufuta kosa fulani iko kwenye kundi hilihili. Waefeso 2:8-9 inaita wokovu kipawa. Kipawa hakina namba ya kutumiwa pesa.

"Sisi tunaokolewa kwa neema, Wakatoliki kwa matendo"

Nimeisikia kwenye mimbari, na si sahihi. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki uliokaa kumjibu Luther na wenzake, katika kanuni ya kwanza ya kikao chake cha sita mwaka 1547 ulilaani fundisho kwamba mtu anaweza kuhesabiwa haki mbele za Mungu kwa matendo yake mwenyewe bila neema. Ubishi mkali ulikuwepo, na sehemu yake bado ipo, lakini ni kuhusu neema inavyofanya kazi ndani ya mtu na nafasi ya matendo yanayofuata. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema pekee, si kwa stahili yoyote iliyo ndani yetu. Wamethodisti wakajiunga nalo mwaka 2006. Wanaorushiana maneno mitaani wangeanza kwa kulisoma.

"Mungu ameshanisamehe, kwa hiyo yameisha"

Hii ndiyo dhana hatari kuliko zote, na Rwanda inatulazimisha kuitazama.

Nchi ile iliyowasha uamsho wa miaka ya 1930 ndiyo iliyoona mauaji ya kimbari kuanzia Aprili hadi Julai 1994. Watu walikimbilia makanisani, na makanisani wakauawa: Nyamata, Ntarama, Nyange. Kanisa la Nyange liliangushwa kwa buldoza juu ya waumini waliojificha ndani, na padri wa parokia hiyo, Athanase Seromba, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya kesi za Rwanda iliyokuwa Arusha. Rufaa ya mwaka 2008 ilimpa kifungo cha maisha. Anayedhani wingi wa waumini ni kipimo cha toba aanzie hapo.

Arusha hiyohiyo ilionyesha jambo jingine. Mwaka 1998 Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya wakati wa mauaji, alikiri kosa la mauaji ya kimbari, akawa mkuu wa kwanza wa serikali kuhukumiwa kwa kosa hilo. Majaji waliandika kwamba, ingawa alipewa nafasi, hakuonyesha majuto wala kuwahurumia waliouawa. Baadaye alijaribu kuurudisha nyuma ukiri wake katika rufaa, akashindwa. Kumbe mtu anaweza kukiri kila shtaka kwa kauli yake na bado asiwe ametubu.

Kwenye mahakama za gacaca, yaani mabaraza ya wananchi wa Rwanda yaliyosikiliza kesi za mauaji hayo hadi yalipofungwa mwaka 2012, aliyetaka kupunguziwa adhabu hakuruhusiwa kusema "nilikuwa kwenye kundi". Sheria ilimtaka aeleze alichofanya, wapi, kwa nani, pamoja na nani, na aombe radhi. Kwa wajane na yatima, taarifa ya mwili wa ndugu ulipofukiwa ilikuwa na uzito kuliko machozi yoyote. Wapo walioungama kwa moyo. Wapo walioungama kwa hesabu ya miaka ya kifungo. Na wapo walionusurika walioshinikizwa wasamehe haraka kwa sababu wao ni Wakristo, na hapo jina la neema lilitumika vibaya.

Msamaha wa Mungu haumfuti aliyekosewa. Nabii Nathani alimwambia mfalme Daudi kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake, na katika sentensi zilezile akamweleza yatakayomfika. Mhasibu aliyekula fedha za kikoba anaweza kusamehewa na Mungu usiku wa leo, na kesho asubuhi wanachama bado wana haki ya kumfungulia kesi. Mchungaji aliyemdhulumu binti wa kwaya anaweza kutubu kweli, na bado asirudishwe madhabahuni, wala binti asilazimishwe kukaa naye ibada moja. Paulo alipoulizwa kama tudumu katika dhambi ili neema izidi, alijibu "Hasha!"

"Aliyeokoka hatendi dhambi"

Yohana aliwaandikia waamini, si wapagani: "Tukisema kwamba hatuna dhambi, twajidanganya wenyewe." Ushuhuda wa ndugu wa uamsho ulikuwa wa wiki hii, mara nyingi wa asubuhi hii, nao uliwahusu hata wazee waliookoka miongo iliyopita. Siku hizi ushuhuda wetu mwingi unaishia mwaka tuliookoka. Kabla ya hapo tulikuwa majambazi, baada ya hapo hakuna habari.

"Kuungama ni kumwaga kila kitu hadharani"

Hapana. Dhambi ya siri dhidi ya Mungu inapelekwa kwa Mungu, na ikilemea, kwa padri katika kitubio au kwa mchungaji anayejua kufunga mdomo. Uliyemkosea mtu mmoja, unamwendea huyo mmoja. Mathayo 5:23-24 inasema uache hata sadaka yako mbele ya madhabahu, uende kwanza. Uliyelikosea kanisa zima, unalieleza kanisa. Aliyezini akasimama kwenye maiki na kumtaja mwenzake kwa jina ameongeza dhambi ya pili juu ya ya kwanza.

Kuna swali linaloulizwa mara nyingi baada ya semina, kwa sauti ya chini: je, niliyemdhulumu akiwa ameshafariki? Deni la fedha lina warithi, na shamba lililosogezwa mpaka lina watoto wa marehemu. Hesabu sura ya 5 inakwenda mbali zaidi. Mkosaji aungame, arudishe kitu kamili, aongeze sehemu ya tano juu yake. Na ikiwa aliyedhulumiwa hana jamaa hata mmoja wa kupokea, fidia ni ya Bwana, inapelekwa kwa kuhani, haibaki kwa aliyeichukua.