Basi ni jipya, mbona safari zimepunguzwa?
Baadhi ya wanaopanda basi katika miji ya Marekani huamini kwamba serikali ya shirikisho ndiyo inayolipia usafiri huo wote, kwa hiyo safari zikipunguzwa, lawama huenda Washington. Imani hiyo inaeleweka: basi linang'aa kituoni, na kila mtu amesikia kuwa limenunuliwa kwa ruzuku ya shirikisho.

Ruzuku ina masharti yake. Kwa kawaida hulipia hadi asilimia 80 ya bei ya mabasi au ujenzi wa karakana; salio hutoka jimboni au mjini. Mishahara ya madereva ni habari nyingine. Katika maeneo ya mijini yenye watu zaidi ya 200,000, fedha za mgawo mkuu, yaani ruzuku kuu ya shirikisho kwa usafiri wa mijini, kwa jumla haziruhusiwi kulipia uendeshaji, ingawa mifumo yenye mabasi machache hupewa nafuu. Ndiyo maana basi jipya laweza kulala yadi kwa kukosa dereva.

Ukitaka kuhakiki, tafuta mpango wa miradi ya usafiri wa eneo lako. Huhusu angalau miaka 4, na wananchi hutoa maoni kabla haujapitishwa. Kila mradi huandikwa na chanzo cha fedha zake. Kisha fungua bajeti ya mabasi ya mji wako, uangalie mishahara inalipwa kutoka fungu gani.