Kugongana Angani Si Kutunguliwa

Juzi nilikuwa kwa kinyozi, redio imewashwa, na mtangazaji mmoja akawa anasimulia habari za John Gillespie Magee, yule kijana wa miaka 19 aliyeandika shairi ambalo marubani wengi wanalijua kwa moyo. Alisimulia vizuri mno, hata kinyozi akazima mashine ili asikie. Kisha akamalizia: "Alitunguliwa mwaka 1941." Nimeshasikia hivyo mara nyingi, kuhusu Magee na kuhusu marubani wengine waliokufa wakati wa vita, na kila mara huniuma. Magee hakutunguliwa. Ndege yake iligongana na nyingine angani, katika safari ya mazoezi, mbali na adui yeyote.

Maana yenyewe haina ugumu. Kugongana angani ni ndege mbili, au zaidi, zote zikiwa zinaruka, kugusana kwa nguvu. Bawa likikwaruza bawa ni kugongana, na moja ikiiparamia nyingine mgongoni ni kugongana vilevile. Vita viwepo au visiwepo, neno ni hilo.

Kutungua ni jambo jingine, na neno hili lilikuwa la nyumbani kabla halijawa la vitani. Kuna kutungika, yaani kukiweka kitu juu kining'inie, na kuna kutungua, yaani kukishusha. Ile -ua ya mwisho inafanya kazi ileile inayofanya kwenye fungua na zibua: inarudisha kinyume kilichokwisha kufanywa. Bibi yangu alikuwa na kikapu cha samaki wakavu, kimetungikwa kwenye boriti juu ya meko ili paka asikifikie. Jioni alikuwa akiniita, "Mjukuu wangu, hebu nitungulie kikapu." Nilipanda juu ya kinu kilichofudikizwa, nikanyoosha mikono yote miwili, masizi yakiniangukia machoni. Embe nalo hutunguliwa, kwa kingoe au kwa jiwe. Na kutoka kwenye jiwe hadi kwenye mzinga safari si ndefu: kitu kiko juu, mtu amekilenga, amekishusha. Wengine husema kudungua, na mimi sina ugomvi nao. Kwa vyovyote vile, lazima awepo mtunguaji. Ukisema ndege imetunguliwa, umeshasema kuna mtu aliyekusudia.

Hata anguka ni mtoto wa angua, lile la kuangua nazi. Lakini anguka halidai mtu. Nazi huanguka yenyewe usiku, watu wamelala.

Sasa gongana. Gari likigonga mti, mti haukufanya lolote. Magari mawili yakigongana, kila moja lilikuwa na mwendo wake, na kila moja lilikuwa na mtu wake ndani. Hiyo ndiyo kazi ya -ana, ileile ya pendana na salimiana: haikubali mtu mmoja peke yake. Tena haimwelekezei yeyote kidole. "Alimgonga" tayari ni hukumu nusu, ila "waligongana" inaacha nafasi ya kuuliza ilikuwaje.

Na ilikuwaje? Magee alikuwa Mmarekani aliyezaliwa Shanghai mwaka 1922, baba mmisionari kutoka Marekani, mama Mwingereza. Nchi yake ilikuwa haijaingia vitani, naye akajiunga na Jeshi la Anga la Kanada mwaka 1940. Mwaka uliofuata alikuwa Uingereza, katika Kikosi namba 412, akirusha ndege ya kivita iitwayo Spitfire. Novemba 8, 1941 alikwenda na wenzake kusindikiza ndege za mabomu hadi Lille, Ufaransa, na huko wenzake walitunguliwa kweli, kwa risasi za Wajerumani waliowalenga. Yeye alirudi.

Siku 33 baadaye, Desemba 11, yeye na wenzake wa kikosi walikuwa wakirudi kutoka mazoezini juu ya mkoa wa Lincolnshire, Uingereza. Mawingu yalikuwa yametanda. Wakaona tundu, wakashuka kwa pamoja kupitia hapo. Chini ya mawingu, juu ya kijiji cha Roxholme, ilikuwa ikipita Oxford, ndege ya kufundishia yenye injini mbili, iliyojengwa kwa mbao sehemu kubwa, imetoka chuo cha Cranwell kilicho karibu. Ilikuwa kama saa tano na nusu asubuhi. Zilikutana kwenye kimo cha futi 1,400 hivi, yaani mita kama 430. Mkulima mmoja aliyekuwa chini alieleza alichokiona: rubani wa Spitfire akihangaika kusukuma kifuniko cha chumba chake, akifanikiwa, akisimama, akiruka. Ardhi ilikuwa karibu mno, mwavuli haukuwahi kufunguka.

Kwenye Oxford alikuwemo Ernest Aubrey Griffin, mwanafunzi wa urubani. Naye alikufa. Naye alikuwa na miaka 19.

Huyu Griffin ndiye anayenifanya niandike. Ukisema Magee alitunguliwa, umemwingiza Mjerumani ambaye hakuwepo na umemfuta Mwingereza aliyekuwepo. Shairi la Magee lilisomwa sana. Maneno yake yalitumiwa hata na Rais Reagan mwaka 1986, chombo cha anga za juu cha Challenger kilipolipuka. Griffin hakuacha shairi. Kwa wengi wetu jina lake linabaki kwenye hadithi hii kwa sababu ya ile -ana tu.

Najua kwa nini watu hukimbilia kutungua. Ajali inaonekana neno dogo, neno la basi na pikipiki, halimtoshi kijana aliyevaa sare. Lakini ajali si neno dogo hata kidogo. Limetoka kwenye Kiarabu, ajal, muda uliopangiwa mtu, siku yake ikifika. Wazee wakisema fulani imemfika ajali yake, hawakuwa wakizungumzia barabara. Tena aliyekufa mazoezini wakati wa vita amekufa kazini, na ukisema amekufa vitani sitakupinga. Ninachopinga ni kumtafutia risasi.

Mazoezi yenyewe yaliua watu wengi. Lincolnshire ni tambarare, na miaka ile viwanja vya ndege vilisongamana: Wellingore alikotoka Magee, Digby, Cranwell, vyote kilomita chache baina yao. Kwenye anga hiyohiyo mwanafunzi alikuwa akijifunza kunyoosha ndege huku wenye Spitfire wakishuka kwa kasi ya zaidi ya mita mia kwa sekunde. Kinga ilikuwa macho, na pua ndefu ya Spitfire huziba kilicho mbele kwa chini. Hakuna aliyehitaji kukosea sana.

Na kugongana si lazima kuue. Septemba 29, 1940, huko Brocklesby, New South Wales, Australia, ndege mbili za mafunzo aina ya Anson ziligongana zikanasana, moja imepanda juu ya nyingine. Injini za ya juu zilizima, za ya chini zikaendelea kufanya kazi. Leonard Fuller, aliyekuwa kwenye ile ya juu, akaziongoza zote mbili kwa usukani wake hadi akazitua shambani kwa tumbo. Watu wote wanne walipona. Fuller mwenyewe alikufa mwaka 1944, baiskeli yake ilipogongana na basi. Vita ni vilevile na havijaisha, ila hakuna anayesema alitunguliwa.

Agosti 2023, ndege mbili za L-39 ziligongana mkoani Zhytomyr, Ukraine, marubani watatu wakafa, akiwemo Andrii Pilshchykov aliyefahamika sana huko. Habari ilipotufikia, wapo walioisimulia kwa neno lilelile, zimetunguliwa.

Ndugu mtangazaji, simulizi yako niliipenda, na natumaini utairudia, kwa kuwa vijana wanakusikiliza. Ukifika mwisho, badilisha sentensi moja tu: Spitfire ya Magee iligongana na Oxford ya Griffin, na wote wawili wakafa.