Asimilesheni ni nini, na kwa nini himaya ihangaike na lugha yako

Kuna dogo wa fom foo hapa mtaani kwetu Moshi kaniuliza juzi, hivi bro asimilesheni ni nini, na mtawala anahangaika ya nini na lugha ya mtu wakati kodi anapata. Swali zuri sana hili.

Asimilesheni ni kumezwa. Mtawala hataki umtii tu, anataka uwe yeye, uongee lugha yake, watoto wako wasome na kusali kwa lugha hiyo, mpaka wajukuu wasijue kama waliwahi kuwa kabila lingine.

Wengi wanasema sababu ni dharau. Dharau ipo kweli, ila mi naona kubwa zaidi ni woga. Mwangalie Mjerumani. 1901 mji wa Września, sehemu ya Poland aliyokuwa anaitawala, watoto walichapwa viboko shuleni kwa kugoma kusoma dini kwa Kijerumani, na toka 1886 kulikuwa na tume kabisa ya serikali ya kununua mashamba ya Wapolandi na kuwapa walowezi wa Kijerumani. Sasa huyohuyo, miaka hiyohiyo, yuko hapa kwetu, 1900 kamnyonga Mangi Meli na wenzake pale Old Moshi, lakini Kichaga wala hakikumnyima usingizi, serikali yake inaendesha mambo kwa Kiswahili, na mmisionari wao Bruno Gutmann aliyefika 1902 akakaa miaka na miaka anaandika mila za Wachaga. Sisemi huku kulikuwa na nafuu jamani, watu walinyongwa.

Tofauti ni kwamba Mpolandi alikuwa ndani ya nyumba. Anapiga kura, anaingia jeshini, alafu ng'ambo ya mpaka kwa Mrusi kuna Wapolandi wenzake kibao, wakiungana wakadai nchi yao ya zamani basi himaya inapasuka, kwa hiyo dawa aliyoiona ni kuwafanya wasiwe Wapolandi tena. Mchaga yeye alitakiwa abaki kibarua na mlipa kodi, ukimfanya Mjerumani si itabidi umpe na haki za Mjerumani, na hilo hawakulitaka hata kidogo.

Mrusi naye woga uleule. Baada ya Wapolandi na Walithuania aliokuwa anawatawala kumwasi 1863, alipiga marufuku vitabu vya Kilithuania vyenye herufi za Kilatini, karibu miaka 40 mpaka 1904, akitaka watu waandike kwa herufi za Kirusi. Watu hawakukubali, wamama wakafundisha watoto kusoma nyumbani kwa siri, na vitabu vikawa vinavushwa mpakani usiku kwa magendo, aliyekamatwa anaweza kupelekwa Siberia. Na vingi vilikuwa vinachapishwa Prussia, kwa Mjerumani yuleyule wa Września, maana msomaji wa Kilithuania aliyeko kwa Mrusi hakuwa tishio kwake.