"Fundi niwekee betri kubwa": uongo wa umeme wa pikipiki niliochoka kuusikia

Wiki hii tu wamekuja wanne. Wote wa bodaboda, wote wamefunga spotilaiti mbele na chaji ya simu kwenye usukani, wawili wana redio juu, na wote neno lao moja: fundi, betri inaniangusha, niwekee kubwa. Huyo wa nne alikuja nayo kabisa kwapani, kaishainunua Kariakoo, Ah 9 (Ah ni ampea-saa, kipimo cha akiba ya betri) wakati kisanduku cha pikipiki yake ni cha Ah 5, anataka nikate plastiki iingie. Nikamwambia mdogo wangu kaa kwanza tuongee, akaniangalia kama vile namchelewesha hesabu ya bosi. Sasa naandika hapa ili akija wa tano nimpe simu asome, mi niendelee na kazi.

Dhana yenyewe: betri ikiisha haraka maana yake ni ndogo, weka kubwa tatizo limeisha.

Hapana. Betri haizalishi umeme, inatunza tu. Anayezalisha ni magineto, zile koili zilizo pembeni ya injini, ndo bomba lako la maji. Betri ni simtanki. Wewe una simtanki la lita 500, bomba linatiririka kama mkojo wa mtoto, nyumbani kuna wapangaji kumi wanaoga na kufua, maji yanaisha. Unakimbilia kununua simtanki la lita 2000. Litajaa lini? Bomba ni lile lile na wapangaji ni wale wale, labda ulipokuwa unakauka saa tatu sasa utakauka saa nne na nusu, basi, hiyo ndo faida uliyonunua.

Twende kwenye namba maana watu wanapenda kubisha. Pikipiki hizi za cc 100 mpaka 150 magineto yake inatoa kwenye wati mia moja hivi, nyingine chini ya hapo nyingine juu kidogo, na hizo wati unazipata injini ikiwa inazunguka vizuri barabarani, sio umesimama kijiweni inanguruma tu. Ikinguruma tu unaweza kupata nusu yake au hata chini ya nusu. Haya toa matumizi: taa kubwa wati 35, taa ya nyuma 5, ukikanyaga breki 21 nyingine, spotilaiti mbili za wati 20 hizo 40, chaji ya simu 10 mpaka 15, redio yenye spika mbili weka 20. Bila breki tayari uko kwenye 115 na hapo CDI (kile kidude kinachorusha cheche kwenye plagi) haijala, indiketa hujawasha, na betri yenyewe haijapata hata tone la kujichaji. Kwenye foleni ya Buguruni saa moja usiku, gia huru, vyote vinawaka, magineto inatoa 50, hizo 65 zinazobaki zinatoka wapi? Kwenye betri. Wati 65 kwa volti 12 ni ampea tano na kitu, kwa hiyo betri ya Ah 5 hata ikiwa mpya kabisa na imejaa haimalizi saa nzima, sasa unanilaumu mimi au muuza betri?

Na kuna ubaya mwingine kwenye hiyo betri kubwa ambao hawausikilizi. Betri ya risasi na asidi isiyojazwa ikajaa inajenga ukoko mweupe kwenye zile bamba zake, salfeti, ukoko ukikomaa haurudi, betri inabaki na uzito tu. Kubwa kwenye bomba dogo kila siku inalala nusu, kwa hiyo inakufa na ujana wake, na bei ulilipa kubwa. Halafu kwa kuwa haiingii kwenye kisanduku mnaifunga na mpira wa tyubu ubavuni, asidi inadondokea cheni. Nimeshaziona, usinibishie.

Basi yule kijana nikamfungulia siti tukaweka mita kwenye vichwa vya betri. Injini imezimwa: 12.1. (Betri iliyojaa na kupumzika inatakiwa 12.6 mpaka 12.8.) Washa injini, zima vifaa vyote, vuta mafuta kidogo: 14.0, safi, maana yake magineto na rektifaya (kile kinachogeuza na kudhibiti umeme wa magineto ili uchaji betri) ni wazima. Sasa washa vyote, achia ingurume: 11.8. Vuta mafuta: 12.9. Akabaki anaitazama ile namba kama matokeo ya mtihani. Nikamwambia unaona, hapo umesimama kijiweni unasubiri abiria unasikiliza taarabu, na kila dakika unakunywa akiba. Betri yako haina kosa lolote.

Kipimo hiki ndo nataka kila mtu akifanye kabla hajatoa hela. Ukizima vifaa vyote na kuvuta mafuta inatakiwa isome kati ya 13.5 na 14.5. Isipofika hapo ugonjwa uko kwenye koili, rektifaya au waya, hata ungeweka betri ya fuso haisaidii. Ikizidi 15 rektifaya imekufa inachemsha betri, na balbu zitaungua moja moja uanze kusema umerogwa. Ikiwa sawa bila vifaa halafu inashuka chini ya 12.8 ukiwasha vifaa, umezidisha wapangaji, punguza. Mi kila mteja namsumbua anunue ile voltimita ndogo ya namba za rangi, bei ya sahani mbili tatu za chipsi mayai, ifungwe kwenye usukani kupitia swichi. Ukiiona inashuka unazima spotilaiti. Hiyo ndo betri kubwa ninayoijua mimi. Yule kijana aliondoka na betri yake ya Ah 5 ile ile, spotilaiti zina swichi yake, redio hataki kuitoa basi nimemwachia lakini nimemwambia kijiweni azime. Ile ya Ah 9 karudisha dukani wakamkata hela kidogo, shauri yake.

Haya mengine nayapita haraka.

"LED haili umeme." Inakula, inakula kidogo kuliko balbu ya kawaida yenye mwanga kama ule, sio kwamba haili. Na yale maandishi kwenye boksi usiyaamini, taa imeandikwa wati 60 nikiipima inavuta ampea moja na nusu, yaani wati 18. Ukitaka kupunguza mzigo kweli anza na balbu za nyuma na za breki kuweka LED. Taa kubwa angalia kwanza, kuna pikipiki taa kubwa inakula moja kwa moja kwenye koili bila kupita betri, umeme wa AC, yaani unaogeuka-geuka, sio DC ulionyooka wa betri, utaijua kwa jinsi mwanga unavyopanda na kushuka na mafuta. Hiyo ukiichomeka LED ya DC itamemeteka kama disko, mwishowe inakufa, halafu unaambiwa fundi kauza feki.

"Fyuzi inakatika hovyo, weka kubwa." Hii nayo inanipandisha presha. Fyuzi hailindi taa yako, inalinda waya usiwake moto chini ya tanki la petroli. Chini ya tanki la petroli, rudia kusoma. Inakatika kwa sababu kuna shoti au mzigo umezidi, tafuta. Spotilaiti za wati 40 zinavuta kama ampea 3.3, fyuzi ya 5 inatosha kabisa, iwe karibu na betri, shibiri moja isizidi, sio mwisho wa waya kule kwenye taa maana huko itakuwa inalinda nini. Na wale wa karatasi ya sigara wanaozungushia fyuzi iliyokatika, siku mkiungua msije kwangu, nendeni zimamoto.

"Rilei ni ya magari." Rilei ni swichi inayowashwa na umeme kidogo ili ipitishe umeme mwingi. Zile honi za konokono mbili zinavuta mpaka ampea 10 kwa pamoja, kile kitufe chako cha honi kilitengenezwa kwa honi moja ndogo, kinayeyuka ndani. Ndo maana baada ya mwezi honi inalia yenyewe saa nane usiku mtaa mzima unakutukana. Rilei ina miguu minne tu: 30 inatoka betri kupitia fyuzi, 87 inaenda kwenye honi, 86 inatoka kwenye swichi, 85 erthi, yaani fremu. Hapo kitufe kinabeba mkondo kidogo sana. Na erthi kwangua rangi ya fremu mpaka uone chuma, nusu ya "spotilaiti mbovu" ninazoletewa ni erthi imefungwa juu ya rangi.

"Unga tu kwenye betri moja kwa moja, chaji ndogo inakula nini." Chaji ya simu hata bila simu ina kitaa chake kinawaka na saketi inayojilia taratibu usiku kucha. Unga kwenye waya unaopata umeme ufunguo ukiwashwa tu. Kinachoungwa moja kwa moja ni alamu na treka ya bosi (kile kidude cha kufuatilia pikipiki iko wapi), kwa sababu hizo kazi yake ni kukesha, na hapo tena hesabu: treka ya kuvuta miliampea 40 kwa siku inakula karibu Ah moja. Umeenda msibani Tanga siku nne pikipiki iko ndani, ukirudi betri ya Ah 5 imebaki maji, na kama CDI yako ni ile inayotegemea umeme wa betri hata kiki utapiga mpaka goti liume. Kabla ya safari chomoa fyuzi ya treka, ila mwambie bosi kwanza asije akakuitia polisi.

"Chaji ya pikipiki inaua simu kwa sababu ni volti 12." Kile kidude ndani kinashusha mpaka volti 5, hakuna shida hapo kama ni kizima. Kinachoua simu ni jua la saa saba likiipiga usoni huku inachaji na ramani imewashwa na data inakimbia. Ikiwa ya moto sana kuishika, chomoa. Na usinunue kile cha bei ya pipi, kinapata joto mpaka plastiki inanuka.

La kamera ndo watu hawaniamini kabisa. Mtu ana simu ya bei mbaya anaifunga kwenye usukani, baada ya miezi picha zinatetemeka, anasema ni virusi. Ni mtetemo wa injini. Simu zenye kamera ya kutuliza mtikisiko zina kakitu kanachoelea ndani, na Apple wenyewe mwaka 2021 walitoa tangazo kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaopitia kwenye usukani unaweza kuharibu kamera za iPhone, na hata kwa pikipiki ndogo na skuta wakashauri uweke kishikio chenye kupunguza mtetemo. Kwa hiyo tafuta kishikio chenye mpira unaonesa, au weka simu ya bei rahisi pale mbele kwa ajili ya oda. Au iache mfukoni, abiria mwenyewe anajua kwao.