Uhamaji wa nguvukazi ni nini, na sisi Tanga unatuhusu vipi

Ukisikia uhamaji wa nguvukazi usidhani ni maneno ya semina, ni mtu kutoka nchi yake kwenda nchi jirani kufanya kazi, awe kibarua, fundi au mwalimu, hela nyingine anakula hukohuko nyingine anatuma nyumbani.

Tanga hii kitu tunaijua kitambo. Mkonge aliuleta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, mashamba yakawa mengi kuliko watu wa kukata, ndo wakaja manamba, yaani vibarua wa mkataba, wengine wa bara hapahapa lakini wengine walivuka mpaka kabisa, Wamakonde wa Msumbiji, watu wa Rwanda na Burundi. Mtu anapewa kipande, yaani kadi ya kazi, kila siku akimaliza kazi inawekwa alama, zikitimia 30 ndo analipwa. Bandari ikapata mzigo, mji ukakua. Kule walikotoka kilirudi kijimshahara tu.

Na hapa ndo penye kiini chenyewe: faida kubwa inabaki pale kazi inapofanyika. Kijana wa Duga Maforoni akivuka mpaka wa Horohoro akaenda kujenga hoteli Ukunda, hoteli ni ya Kenya na kodi ni ya Kenya. Hela anazotuma kwa simu mama ananunua mabati, analipa ada, na mwenye duka la hadwea naye anauza, kwa hiyo siyo hela ya kubeza hata kidogo. Ila akirudi na ufundi wa kupiga sakafu ya terazo akafundisha wenzie pale kijijini, hiyo sasa ni zaidi ya mabati.

Shida iko kwenye makaratasi. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010 na linaruhusu wafanyakazi kuvuka, lakini kila nchi iliorodhesha kazi ilizofungua, zaidi za wenye vyeti, na kibali cha kazi bado kinatakiwa. Wengi hawajui kwamba kugongewa muhuri mpakani siyo ruhusa ya kufanya kazi. Sasa mbeba zege asiye na kibali bosi anamlipa anavyotaka, akidhulumiwa anaogopa hata kwenda kushtaki, na kile cha kutuma nyumbani kinazidi kupungua.

Mfano wa shida hiyo ya makaratasi ni Wamakonde waliofika Kwale, pwani ya Kenya, kwenye mashamba ya mkonge na miwa, wajukuu zao waliozaliwa hukohuko wamekuja kutambuliwa kuwa raia wa Kenya mwishoni mwa 2016, miaka yote hiyo walikuwa wanafanya kazi bila kitambulisho, na bila kitambulisho hufungui akaunti benki wala huajiriwi kihalali.