Vile vibati kwenye mikoko si alama za kuuza ardhi, tafadhali msing'oe

Malalamiko kwamba ardhi na kaboni vinauzwa yamezidi tangu wanafunzi wetu wa chuo waanze kuingia mikokoni huku Lamu, upande wa Pate na Mkunumbi, na vibati vya namba wanavyopiga mitini navyo vinazidi kung'olewa, kwa hivyo wacha tuongee. Wale vijana wanapima miti. Basi. Hawakati ploti, hawauzi hewa ya Lamu. Mikoko yote ya pwani yetu ni msitu wa serikali tangu 1932, sasa mtu akiniuliza kama chuo kinatafuta hati ya matope nashindwa hata nianzie wapi.

Mti ukishapigwa kibati cha namba unapimwa unene mita 1.3 kutoka chini, isipokuwa ile aina inayoitwa mkoko wenyewe, yenye mizizi iliyosimama juu ya tope, huo hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa, ndio mnaona kijana kapanda mizizi na futi shingoni. Baadaye anarudi kwa mti uleule. Kibati kikitoka hesabu imekufa. Na ile nondo iliyosimama kwenye tope (moja tuliikuta kwa mnunuzi wa skrapu!) imepigwa chini mpaka ikagoma, ndiyo inatuonyesha tope linapanda milimita ngapi. Kati ya 2006 na 2018 bahari duniani ilipanda kama milimita 3.7 kila mwaka, tope likibaki nyuma mikoko inazama, na karibu asilimia 61 ya mikoko ya Kenya iko hapa kwetu Lamu. Hata kukanyaga karibu na nondo kunaharibu vipimo.

Mtafiti halali ana laiseni ya NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi, kwa kawaida ya mwaka mmoja, ina jina lake na kaunti aliyoruhusiwa, na ile alama ya mraba unaskani na simu. Akiwa nayo anaripoti kwa kamishna wa kaunti, kisha mkurugenzi wa elimu, kisha KFS (shirika la misitu), kisha chifu, kisha wazee wa kijiji. Akitaka kutoa sampuli za mimea nje ya nchi kwa utafiti, kuna kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira, chini ya kanuni za 2006, laiseni peke yake haitoshi. Ile fomu ya idhini mnayoombwa kusaini ni ya mahojiano tu, ukikataa hakuna askari atakuja kwako.

Kwa wakata boriti: Sheria ya Misitu ya 2016 inasema kukata kwenye msitu wa umma bila kibali ni kosa la faini au jela, au vyote viwili. Mwenye kibali akikuta mti una kibati auruke, akate mwingine.

Kuhusu kaboni, yaani kulipwa kwa hewa chafu ambayo miti inaivuta na kuihifadhi, ni kweli Gazi kule Kwale wanauza kupitia Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji, tangu 2013, na sheria ya tabianchi iliyorekebishwa 2023 inataka mradi wa ardhi uwe na mkataba na jamii na uipe angalau asilimia 40 ya mapato baada ya gharama. Kama Lamu itapata mradi kama huo si chuo cha kusema. Kupima mti si kuuza kaboni, nimesema hili barazani mpaka nimechoka.

Lalamiko moja lina haki, kwamba watafiti huja wakaondoka na majibu hayarudi. Basi kabla hajashuka boti mwambieni aandike tarehe ya kuja kuyasoma barazani, kwa Kiswahili. Na wenye vibati nyumbani wavipeleke kwa chifu, hatuulizi nani aling'oa, namba ikisomeka tutaurudia mti wake kwa GPS.