"Nashukuru, nimejifungua salama" si cheti cha huduma bora

Muulize mama aliyetoka kujifungua katika zahanati ya kijijini huko Newala au Liwale, kusini mwa Tanzania: huduma ilikuwaje? Atajibu, "Namshukuru Mungu, nzuri." Wengi huchukua jibu hilo kuwa ushahidi kwamba mambo yako sawa. Sivyo. Mara nyingi anashukuru kwamba yeye na mtoto wako hai. Tena atarudi kwa nesi yuleyule siku ya chanjo. Amseme vibaya ili iweje?

Badili swali uone. Ulinunua nini mwenyewe? Glavu, wembe, mpira wa kulalia, ingawa sera inasema huduma ya uzazi kwenye vituo vya serikali ni bure. Ulifokewa? Palikuwa na pazia? Hapo maneno huanza kutoka, hasa akiulizwa nyumbani kwake.

Lakini kuna asiyoweza kuyaona. Oksitosini, dawa ya kuzuia kutokwa damu nyingi, hutakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Nesi mpole kabisa anaweza kuchoma dawa iliyoharibiwa na joto. Ndiyo maana viwango vya ubora wa huduma ya uzazi vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2016 hutazama yote mawili: tiba yenyewe, na jinsi mama alivyotendewa.